Nyumba Isiachwe Tupu

Nilirudi sokoni saa saba mchana, mtoto mgongoni, kikapu kichwani. Nikafungua kufuli kwa ufunguo wangu mwenyewe, na ndani ya chumba cha kulala nikakuta bakuli la enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, linafuka mvuke. Lilikuwa sakafuni, juu ya kiraka kirefu cha saruji kilichokuwa chumbani humo, na mboga ya kunde pembeni, imepakuliwa vizuri kama ya mgeni. Mkeka wangu ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa ukutani.

Hiyo ilikuwa mara ya nne. Mara tatu za kwanza nilijisemea kwamba ni ukarimu wa majirani, ni mazoea ya mtaa huu wa Arua. Nilimwaga nyuma ya choo, nikaosha bakuli nikaliweka mlangoni, na asubuhi halikuwepo. Siku ile nilimshusha binti yangu chini ili nitue kikapu. Alikuwa na mwaka na miezi michache, bado anatembea kwa kushika ukuta. Siku ile hakushika ukuta. Alitambaa moja kwa moja mpaka kwenye bakuli, akakaa, akamega tonge, akala. Akamega la pili, akaliweka ng'ambo ya bakuli, mbele ya mahali ambapo hapakuwa na mtu, akangoja. Kisha akasogeza makalio kidogo, vile watoto wanavyosogea kumpa mwenzao nafasi.

Uvumilivu wangu uliishia hapo. Kuogopa niliogopa baadaye. Kwanza nilikasirika kama mtu aliyekuta mgeni kalala kitandani kwake na viatu. Nilimnyakua mtoto kwa mkono mmoja, bakuli kwa mwingine, na bakuli nikalirusha nje. Liligonga ngazi likapasuka. Kuku wa mtaa mzima wakaja wakala bila wasiwasi wowote. Watu ndio waliosimama. Mama aliyekuwa akitwanga ng'ambo ya uzio alibaki na mchi hewani.

Haboba akatoka kwake. Huyu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane wa askari wa zamani, na wote tulimwita hivyo, Haboba, bibi, kama Wanubi wanavyoita. Aliangalia vipande vya bakuli, hakuniangalia mimi.

"Umemwaga chakula ya mwenye nyumba," akasema.

"Mwenye nyumba yuko Koboko anauza vitambaa!"

"Ule wa Koboko iko na karatasi tu."

Nikajua ni yeye aliyekuwa akipakua, nikamwuliza ufunguo wa mlango wangu ameupata wapi. Akaingiza mkono kifuani, akautoa ukiwa umefungwa kwenye pindo la kitambaa.

"Huu? Huu iko na mimi tangu wewe mtoto ya Zaire, unalia kamasi."

Kwamba nilikuwa mtoto wa Zaire ni kweli. Mimi ni mtu wa Koboko. Mwaka ule serikali ya mtu wa kwetu ilipoanguka na watu wetu wakaanza kuogopa kulipiziwa kisasi, tulivuka mpaka nikiwa bado msichana wa darasa la pili, na tuliporudi nilikuwa na matiti na aibu ya kukaa darasani na watoto wadogo. Nilikaa hivyo hivyo. Nikafika sekondari, nikamaliza Senior Four, nikapata cheti. Baada ya cheti nikapata mimba. Baba yake mtoto alikwenda Kampala kutafuta kazi, na kwa taarifa nilizonazo bado anaitafuta.

Nyumba ile niliipata kwa rafiki yangu tuliyesoma pamoja. Aliniambia anahamia kwa mumewe, nyumba ni ya matofali, bati zima, kodi yake ndogo. Naye alikuwa na mtoto wa kunyonya. Alinionyesha vyumba akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayeonyesha ng'ombe mkali. Aliniachia kitanda, mtungi wa maji na ufagio. Nilimkumbatia nikamwambia, "Asante dada, Mungu amekutuma." Aligeuza uso. Nilidhani analia kwa kuniacha.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na ndani yake kulikuwa na sharti moja ambalo nililisoma mara mbili: mpangaji asiache nyumba tupu hata siku moja; akitaka kutoka kabla ya muda, alete mpangaji mwingine, alale ndani, ndipo yeye atoke. Sikuona ubaya. Baada ya vita kila nyumba iliyokaa tupu iling'olewa mabati, milango, hata fremu za madirisha. Nikasema mzee anaogopa wezi. Kisha mzee akataka rehani, na alichotaka ni cheti changu cha shule. "Watu ya sasa wanahama kama vita iko bado," akasema. "Karatasi ya shule ikilala kwangu, wewe hukimbii." Nami, mtu niliyesoma, nikakitoa. Kwetu watu walivuka mpaka wakaacha magodoro, mbuzi na hata wazee, lakini vyeti walivifunga kwenye nailoni wakavivaa kiunoni. Alijua anashika nini.

Mambo ya nyumba ile niliyaona tangu mwanzo, sitajifanya kipofu. Kile kiraka cha saruji kilikuwa na urefu wa mtu aliyelala, laini kuliko sakafu nyingine, na katikati ya kiangazi, vumbi limejaa mpaka kwenye meno, chenyewe kilikuwa na unyevu. Nikimlaza mtoto kitandani mchana, nikitoka kufua na kurudi, ningemkuta chini, amelala juu ya kiraka kifudifudi, shavu limebanwa kwenye saruji, anatabasamu. Majirani wakipita walinisalimu, nikaitika, kisha wakasalimu tena, polepole, wakiangalia dirisha la chumba. Na saa saba, jua likiwa limesimama na mtaa umenyamaza, ndani ya chumba kulikuwa na harufu ya maziwa. Nilisema ni yangu. Nilikuwa nanyonyesha, ningesema ni ya nani?

Haboba alinisimulia siku hiyohiyo, tumekaa kwenye ngazi, yeye akiokota vipande vya bakuli kimoja kimoja.

Mwaka ule watu walipokimbia mji, yeye hakukimbia kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Alijificha katika nyumba hii, wakati huo sakafu ya udongo, pamoja na wanawake wengine wawili. Asubuhi moja akaingia mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, ameshika tumbo kwa mkono mmoja, kwa mwingine ameshika mtoto mchanga. Risasi ilikuwa imempata njiani. Hakusema mengi. Alimnyonyesha mtoto. Saa saba akafa, mtoto bado ananyonya.

"Jina lake nani?"

"Nani anauliza jina risasi ikipita? Tulisema tutauliza baadaye."

Nje hapatokeki. Wakamchimbia palepale chumbani, kwa jembe lisilo na mpini na kwa sahani. Jioni wale wanawake wawili wakatoroka na mtoto kuelekea mpakani. Haboba hakuwaona tena, wala mtoto.

Asiye wa huku huenda asielewe ubaya uko wapi. Kila boma la huku lina makaburi yake. Wafu wanakaa nyumbani, tunaanika muhogo juu yao. Ubaya ni wajomba. Kwetu mtu akifa, udongo haurudishwi mpaka ndugu za mama yake wafike, wamtazame, waseme sawa, mfunikeni. Na akishafunikwa, hafukuliwi bila wao. Anayemgusa peke yake, kifo kile kinakuwa chake na watoto wake. Mwanamke huyu alifunikwa bila mjomba hata mmoja kujua amekufa. Kisha mwenye nyumba akarudi kutoka Sudan, akakuta tuta chumbani. Badala ya kutuma watu masokoni kuuliza ni nani aliyepoteza dada, akaleta saruji.

"Akapangisha," Haboba akasema. "Mwanamume wa kwanza alikaa siku sita. Nyumba ikabaki tupu mwezi mzima. Hapo ndiyo tulimwona."

"Mlimwona nani?"

"Mchana hivi hivi. Anasimama kwa mlango ya watu. Haombi maji, haombi chakula. Anaangalia watoto tu, mmoja, mwingine, kama mutu anachagua nyanya. Tukaenda Koboko wote, tukasema, Hajji, weka mutu ndani. Akaweka mama na mtoto. Ule wa chini ya saruji akanyamaza, akaingia ndani akatulia. Akisikia mtoto iko ndani, hatoki."

Nilimvuta binti yangu mapajani.

"Kwa hiyo mkaniweka mimi. Na mtoto wangu."

"Si sisi, binti yangu. Rafiki yako."

Kesho yake nilipanda lori la muhogo kwenda Koboko. Mwenye nyumba alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichoma kuliko ukali. Alinikaribisha ndani ya duka, akafukuza mteja kwenye kiti ili nikae, akaagiza chai, akamsifu mtoto kwa unene. Nilimwambia natoka, anipe cheti changu, chuo cha ualimu kimeniita na kinafunguliwa baada ya wiki tatu.

"Hakuna shida, mama. Lete mwingine."

"Nikileta mwanamume? Kuna dereva anatafuta nyumba."

"Hapana. Mama. Na awe na mtoto, ule bado ananyonya."

Alisema hivyo akiwa anakunja kitambaa, kama mtu anayetaja rangi. Nikamwuliza kama anajua anachoomba. Akaacha kukunja.

"Mimi sikuua mutu," akasema. "Mimi nilikuta."

"Umewatafuta ndugu zake?"

"Wapi? Kakwa? Lugbara? Mutu ya Kongo? Nitatafuta kabila saba?"

"Hata moja umetafuta?"

Alinyanyuka akaleta faili. Nadhani alitaka kunionyesha kwamba mambo yake ni safi. Mikataba sita ya nyumba ile, yote ya wanawake. Mwishoni mwa kila mmoja, chini ya sahihi ya mpangaji, palikuwa na mstari: aliyemleta. Niliwafuata kwa kidole. Wa pili aliletwa na wa kwanza, wa tatu na wa pili. Kwenye mkataba wangu, mahali ambapo siku ile, kwa sababu ya furaha, sikupaangalia, palikuwa na mwandiko niliokuwa nikinakili hesabu kutoka kwake darasani.

"Watano wamepita," mzee akasema, "na wote walileta mwingine, na wote walichukua karatasi zao. Wewe ndiyo wa kwanza kupiga kelele."

Nilimpata rafiki yangu huko Onduparaka, kwa mumewe, karibu na uwanja wa mpira. Kulikuwa na mchezo, na kila alipofungua mdomo, watu walipiga mayowe, akangoja yaishe.

"Ningekuambia, ungeingia?" akaniuliza.

"Nisingeingia!"

"Basi umejijibu."

"Mtoto wangu analala juu ya maiti, wewe mwanamke!"

"Wangu pia alilala. Hakufa." Akamwita mwanawe, mvulana wa miaka mitatu hivi, mzima, mwenye afya. Mtoto akaja akasimama mbele yetu. Mama yake akamrekebisha shati, kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kuniangalia, "Ila chakula anamega mara mbili. Mpaka leo. Nikimpiga, analia, lakini anamega."

Nilitaka kumpiga kofi. Badala yake nilimwuliza kama mimi nifanye hivyohivyo.

"Cheti unakitaka au hukitaki?"

Nilikitaka. Hilo ndilo nataka lieleweke, maana watu wakisikia habari hii wananiona shujaa. Nilikitaka cheti kile kuliko nilivyotaka wema. Bila hicho, chuo hapana. Bila chuo, ningeuza nyanya mpaka meno yaishe. Kwa hiyo nilianza kutafuta mama mwenye mtoto.

Wawili wa kwanza niliwaambia ukweli, nusu. Wa kwanza alikuwa mke wa fundi cherehani. Nilipofika kwenye neno "saruji" alikuwa ameshavaa kandambili. Wa pili alicheka, akaniambia, "Dada, kama hutaki kunipa nyumba sema, usinitungie hadithi ya kuogofya watoto." Jioni akauliza mtaani, na kesho yake akipita barabarani alipita upande wa pili.

Zikabaki siku nane. Nikaacha kusema ukweli.

Wa tatu alitoka Manibe. Alikuwa akileta unga wa muhogo mjini kila siku kwa miguu, mtoto mgongoni, na alichoka kutembea. Alikuja saa saba. Nikamwonyesha bati, nikamwonyesha dirisha, nikamwambia maji si mbali, majirani ni watu wema. Yote yalikuwa kweli. Niligundua kwamba nimesimama mlangoni. Sikuingia naye.

Aliingia peke yake. Akamfungua mtoto mgongoni ili apumzishe mabega, akamweka sakafuni. Mtoto alikuwa mdogo kuliko wangu, hata kutambaa hajajua vizuri. Alijiburuta kwa tumbo, kiwiko baada ya kiwiko, akavuka chumba chote, akafika kwenye kiraka, akalaza shavu. Binti yangu alikuwa mgongoni kwangu. Nilimsikia akitoa ile sauti anayotoa akinyang'anywa kitu.

Na mtoto yule akageuza kichwa, akafungua mdomo, akaanza kunyonya hewa. Midomo inafanya kazi, koo linameza. Mama yake alikuwa dirishani anapima upana wa pazia kwa mkono.

Akanigeukia, macho yanang'aa. "Asante, dada yangu. Kweli Mungu amekutuma."

"Mchukue mtoto wako," nikasema.

"Nini?"

"Mchukue mtoto wako utoke. Sasa hivi. Toka!"

Nilipiga kelele mpaka watoto wote wawili wakalia. Alimbeba akatoka mbio, na alipofika barabarani akashikwa na hasira. Alinitukana kwa Kilugbara, kisha kwa Kiswahili ili mtaa wote upate faida. "Umepata mwenye kuongeza kodi, siyo? Wasomi ya Koboko! Mnaonyesha mutu nyumba kama nyama, halafu mnatia mfukoni!" Aniite atakavyo.

Nilifunga vitu vyangu mchana uleule. Haboba alisimama uani akiniangalia, akaniuliza nani anaingia.

"Hakuna."

"Itabaki tupu?"

"Itabaki tupu."

Aliingia kwake, nikasikia komeo, kisha kitu kizito kikiburutwa nyuma ya mlango. Mama wa ng'ambo ya uzio aliwaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, wote wanne. Nilipokuwa nakwenda, milango ilifungwa mbele yangu na nyuma yangu, jua likiwa bado kali, na mtaa mzima ukawa kama siku ile ambayo Haboba alinisimulia, pasipo risasi tu. Sikugeuka nyuma. Binti yangu alikuwa ameangalia nyuma, maana watoto wa mgongoni huweza kujipinda, na kwa muda mrefu alikuwa akipunga mkono.

Mwenyekiti wa RC, ile kamati ya serikali ya mtaa inayosikiliza kesi, alikuwa fundi wa baiskeli. Muhuri wake ulikaa kwenye sanduku moja na viraka na gundi. Aliniambia niandike kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza kingemchelewesha na Kikakwa changu yeye hakijui. Niliandika nimekaa juu ya tairi, mtoto akinyonya. Alisoma kwa kidole, akafika chini, akarudi juu.

"Hapa umeandika walalamikaji wawili."

"Ndiyo."

"Mimi naona mmoja."

"Mwenyekiti, huyo mwingine ndiye mwenye kesi kubwa kuliko yangu."

Aliangalia muhuri kwa muda mrefu, kama mtu anayefikiri baiskeli hii inatengenezeka au haitengenezeki. Kisha akaupiga. Nakala yangu ninayo, na inasema hivi:

*Kwa Mwenyekiti na Kamati ya Mtaa.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWENYE NYUMBA, MFANYABIASHARA WA KOBOKO*

*Sisi walalamikaji wawili tunaleta shauri letu mbele yenu.*

*Mlalamikaji wa kwanza, mama wa mtoto mmoja, alipangishwa nyumba bila kuambiwa kwamba ndani ya chumba cha kulala amezikwa mtu. Mwenye nyumba alijua. Ameshika cheti cha shule cha mlalamikaji na anakataa kukirudisha mpaka aletewe mama mwingine mwenye mtoto wa kunyonya. Mlalamikaji amekataa na ataendelea kukataa.*

*Mlalamikaji wa pili, mama wa mtoto mmoja, alifia katika nyumba hiyo mwaka watu walipokimbia mji, akazikwa bila ndugu zake kujua. Mwenye nyumba aliporudi hakuwatafuta wajomba zake. Alimwekea saruji na kumpangishia watu juu.*

*Tunaomba mwenye nyumba aagizwe kurudisha cheti bila sharti. Tunaomba nyumba isipangishwe kwa mtu yeyote. Tunaomba itangazwe katika masoko ya Arua, Manibe, Koboko na Dranya, na upande wa Zaire, kwamba anatafutwa mtu aliyepoteza dada au binti mwenye mtoto mchanga wakati huo, na kwamba mtoto alivushwa mpakani na huenda yuko hai, hajui. Gharama ya wajomba kuja, kukaa na kumchukua dada yao iwe juu ya mwenye nyumba.*

*Shahidi yuko, ni jirani, yu tayari kusema akiitwa.*

*Sahihi ya mlalamikaji wa kwanza: imewekwa.*

*Sahihi ya mlalamikaji wa pili: nafasi imeachwa wazi, mpaka watu wake wafike na kutuambia jina lake.*